Simu ya Zamani Kama Kamera ya Ulinzi Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Simu iliyolala kwenye droo ina kamera, maikrofoni, spika, Wi-Fi, betri na kompyuta ndogo ya kuviendesha vyote hivyo. Kuigeuza kamera ya ulinzi ni kazi ya jioni moja. Watu hutumia sehemu kubwa ya jioni hiyo wakichagua programu, ilhali kinachoamua kama kamera itawafaa ni betri, mahali simu inapokaa, na nani mwenye ufunguo wa akaunti yake. Ndiyo maana majibu ya mambo hayo matatu ni marefu kuliko mengine.

Simu yangu ni ya miaka mingi. Bado itafaa?

Ikiwa inawaka, inashika Wi-Fi na picha yake haijafifia, huenda ikafaa. Ufa kwenye kioo si neno, mradi haujapita juu ya lenzi. Hata skrini ikigoma kuguswa upande mmoja unaweza kuvumilia, maana ukishaipanga hutaishika mara nyingi.

Kinachokwamisha zaidi ni toleo la mfumo. Simu za Android zilizo chini ya 7.1.1 hazikuja na cheti mama cha Let's Encrypt, huduma inayotoa bure vyeti vya usalama vya mtandaoni, ambacho tovuti na huduma nyingi sana hukitegemea kuthibitisha muunganisho salama. Matokeo yake ni maonyo yasiyokwisha, au programu inakataa kabisa kuungana. Lakini kabla ya kuikatia simu tamaa, angalia tarehe na saa yake. Simu iliyokaa muda mrefu bila chaji mara nyingi huamka na tarehe ya miaka ya nyuma, na tarehe ikikosewa, vyeti vizima huonekana vibovu.

Simu yenye betri iliyovimba haifai kwa kazi hii hata kidogo.

Nianze na nini?

Hamisha picha na namba unazotaka kubaki nazo, ondoa akaunti zako za Google au Apple, ndipo urudishe simu kama ilivyotoka kiwandani. Fuata mpangilio huo huo. Android tangu toleo la 5.1, na iPhone pia, huweza kujifunga zikifutwa kabla akaunti haijaondolewa, na utadaiwa nenosiri ambalo pengine ulishalisahau.

Simu ikiwaka upya, isajili kwa barua pepe mpya iliyofunguliwa kwa kazi hii pekee. Usiweke ile inayopokea barua zako za benki na kazi. Toa laini kama huna mpango wa kuitumia, sakinisha masasisho yote yaliyobaki, kisha weka programu ya kamera na uzime nyingine zote zinazoweza kuzimwa. Programu chache maana yake joto kidogo na milango michache ya kuingilia.

Baada ya hapo weka programu hiyo hiyo kwenye simu unayoitumia kila siku. Ya zamani ichague kuwa kamera, mpya iwe mtazamaji.

Ni programu ipi nzuri?

Kwa anayeanza, AlfredCamera inatosha. Inafanya kazi kwenye Android na iPhone, unaweza kutazama pia kupitia kompyuta, na bila malipo unapata picha ya moja kwa moja, arifa za mwendo na uwezo wa kuzungumza na aliye mbele ya kamera. Ukitaka picha kali zaidi, ndipo unalipia.

Kwa asiyependa video za nyumba yake zipitie seva za mtu mwingine, kuna IP Webcam ya Android. Hiyo huigeuza simu kuwa seva ndogo: inakupa anwani ya ndani inayoishia na 8080, yaani namba ya mlango (port) wa kupitishia data, unaifungua kwenye kivinjari cha simu au kompyuta iliyo kwenye Wi-Fi ile ile, na picha inaonekana. Tahadhari moja tu: jina na nenosiri la kuingilia ni lazima uyaweke mwenyewe kwenye mipangilio. Usipoyaweka, yeyote aliye kwenye Wi-Fi yako anatazama.

Ipo pia Haven, iliyotolewa Desemba 2017 na Guardian Project pamoja na Freedom of the Press Foundation, Edward Snowden, aliyefichua siri za upelelezi wa Marekani, akiwa mshiriki. Ililenga waandishi wa habari na watetezi wa haki wanaoacha kompyuta hotelini, na wazo lake linastahili kukumbukwa: pamoja na kamera, ilitumia kihisi cha mtikisiko, kihisi cha mwanga na maikrofoni, kwa hiyo simu iliyolazwa juu ya kompyuta ilitambua kuguswa hata gizani. Siipendekezi leo kama kamera ya kila siku, ila inaonyesha simu inaweza mengi kuliko kupiga picha.

Vyovyote utakavyochagua, tazama ukurasa wa programu uone ilisasishwa lini mara ya mwisho. Programu za aina hii huzaliwa na kufa, na ikifa na video zako ziko kwenye seva zake, zinaondoka nayo.

Lazima niwe na intaneti?

Kutazama ukiwa nyumbani, hapana. Ruta inayotoa Wi-Fi inatosha hata kama haina intaneti, mradi umechagua programu inayofanya kazi ndani ya mtandao wa nyumba. Kutazama ukiwa mbali kunahitaji intaneti, na hapo kinachohesabika ni spidi ya kupandisha data. Wengi hujua spidi yao ya kupakua tu, kwa sababu ndiyo inayofanya filamu icheze bila kukwama. Ya kupandisha mara nyingi ni ndogo mno kuliko hiyo. Ipime kabla ya kulaumu programu.

Kama ruta yako inatoa masafa mawili, iweke kamera kwenye 2.4 GHz. Yale ya 5 GHz yana kasi lakini hudhoofika haraka yanapopita kuta, na kamera haihitaji kasi hiyo.

Itakula data kiasi gani?

Hesabu ni rahisi. Video ya megabiti 1 kwa sekunde ikitiririka mchana na usiku hufika GB 10.8 kwa siku. Ya megabiti 2, ambayo ni kawaida kwa picha ya wastani, ni GB 21.6. Ndiyo sababu hakuna haja ya kutiririsha muda wote. Acha kamera irekodi na kutuma pale tu inapoona mwendo, na wewe ufungue picha ya moja kwa moja unapohitaji. Nusu saa ya kutazama kwa megabiti 2 ni takriban MB 450, kwa hiyo anayetumia bando la simu akumbuke kufunga programu akimaliza, maana data inakatwa pande zote mbili, ya kamera na ya mtazamaji.

Je, ni salama kuiacha simu kwenye chaji siku zote?

Ukikosa muda wa kusoma majibu yote ya ukurasa huu, soma hili.

Betri ya simu ni ya lithiamu. Vitu viwili huizeesha upesi: joto, na kukaa muda mrefu ikiwa imejaa asilimia 100. Simu iliyogeuzwa kamera inaletewa vyote viwili kwa pamoja. Kamera na Wi-Fi vinaipasha moto, chaja inaishikilia ikiwa imejaa, na hali hiyo inaendelea miezi kwa miezi bila mtu kuishika. Kemikali za ndani zikianza kuvunjika hutoa gesi, na gesi hiyo ndiyo inayoivimbisha betri.

Dawa ya kwanza ni kuweka kikomo cha chaji. Simu nyingi za Android za miaka ya karibuni zina kipengele hicho kwenye mipangilio ya betri. Baadhi ya Samsung husimamisha chaji kwenye asilimia 85 au 80. Upande wa Apple, kikomo cha asilimia 80 kilikuja na iPhone 15 mwaka 2023, kwa hiyo iPhone nyingi zilizostaafu hazina.

Kama simu yako haina kikomo, tumia plagi janja au soketi yenye kipima muda. Ipange iwashe na kuzima umeme kwa zamu, ukianza kwa mfano na saa mbili za kuchaji na saa mbili za kupumzika, kisha uangalie asilimia kwa siku chache na kurekebisha mpaka iwe inacheza kati ya 30 na 80. Kila simu ina njaa yake, kwa hiyo usinakili saa za mwenzako.

Baridi nayo ni sehemu ya dawa. Apple hupendekeza vifaa vyake vitumike kwenye joto la mazingira la nyuzi 0 hadi 35 za Selsiasi, na hiyo ni mizani nzuri kwa simu yoyote. Vua kava. Usiiegemeze kwenye ukuta unaopigwa na jua, usiiweke juu ya televisheni wala ruta, na usiifungie ndani ya kiboksi bila upenyo wa hewa. Punguza ubora wa picha hadi 720 (pikseli 1280 kwa 720) na fremu 10 au 15 kwa sekunde. Kichakataji kitapumua na hutakosa kitu cha maana kwa kazi ya ulinzi. Ishike baada ya saa moja ya kazi. Vuguvugu ni kawaida, lakini ikiwa huwezi kuikumbatia mkononi kwa raha, kuna kitu cha kubadilisha.

Chaja iwe nzima na ya kuaminika, na waya usiwe umechubuka. Waya mrefu na mwembamba hupoteza nguvu njiani, ndiyo maana wakati mwingine simu inaonyesha inachaji lakini asilimia zinazidi kushuka. Simu ikae juu ya kitu kisichoshika moto haraka, mbali na mapazia, karatasi na mito.

Kisha ikague kila mwezi. Ilaze juu ya meza: ikiyumba, au mgongo umenyanyuka, au kioo kimeanza kuachana na fremu, betri imevimba. Ichomoe, izime, usiichaji tena, usiibonyeze wala kuitoboa. Betri yenyewe inaweza kubadilishwa na fundi anayejua kazi yake, na mara nyingi inafaa kufanya hivyo kabla hata hujaanza, kama simu tayari inakufa ndani ya saa chache.

Umeme wa chaja ni mwingi?

Hapana. Simu inayofanya kazi hii hula wati 3 hadi 5. Kwa wati 4 mfululizo ni chini kidogo ya kilowati-saa 3 kwa mwezi mzima.

Umeme ukikatika je?

Hapa simu inaishinda kamera ya kawaida, kwa sababu ina betri yake na itaendelea kurekodi saa kadhaa. Shida ni ruta, ambayo huzimika papo hapo, na bila ruta hakuna arifa inayokufikia. Ama uipe ruta betri ndogo ya akiba, ama uache laini yenye data ndani ya simu ili ihamie mtandao wa simu Wi-Fi ikipotea. Hakikisha pia programu inahifadhi video ndani ya simu wakati hakuna mtandao; si zote hufanya hivyo.

Niiweke wapi?

Mwaka 1966 Marie Van Brittan Brown, muuguzi wa New York, aliomba hataza ya mfumo wa ulinzi wa nyumbani wenye kamera na televisheni, akaipata pamoja na mumewe mwaka 1969. Kamera yake ilikaa mlangoni, kwa sababu swali lililomsumbua lilikuwa moja: nani huyo anayebisha? Swali hilo bado ndilo la kuanza nalo. Usijaribu kuonyesha nyumba nzima. Chagua njia ambayo mtu hawezi kuikwepa, yaani mlango mkuu, korido au ngazi, na uilenge hiyo.

Simu ina pembe nyembamba ya kuona. Kamera yake kuu hufunika takriban nyuzi 60 hadi 70 kwa upana inaporekodi video, wakati kamera nyingi za ulinzi hufunika 110 na zaidi. Kwa hiyo kona ya chumba ndiyo rafiki yako: ukiwa kwenye kona, nyuzi 90 zinatosha kuona chumba chote, na simu inakupa sehemu kubwa ya hizo. Ilaze kwa upana, usiisimamishe, isipokuwa unatazama korido nyembamba.

Halafu kuna umbali. Viwango vya kimataifa vya kamera za ulinzi, vile vya IEC 62676-4 katika toleo la mwaka 2014, vilitaka pikseli 250 kwa kila mita ili umtambue mtu usiyemfahamu, na pikseli 125 kumtambua unayemfahamu. Ukipiga hesabu kwa pembe ya nyuzi 65, picha ya 1080 (pikseli 1920 kwa 1080) inakupa uso wa mgeni mpaka mita 6 hivi, na ya 720 mpaka mita 4. Zaidi ya hapo utajua kuna mtu, amevaa nini, ameelekea wapi, lakini usitegemee sura. Kukuza picha baadaye hakuongezi kitu ambacho lenzi haikukiona.

Urefu wa mita 2 hivi unatosha. Watu hupenda kuipandisha mpaka darini, na matokeo yake ni mkusanyiko wa kofia na utosi. Usiielekeze dirishani, kwa sababu mwanga wa nyuma humgeuza kila anayeingia kuwa kivuli cheusi. Baada ya kuifunga, tembea mwenyewe kutoka mlangoni kwa mwendo wa kawaida, kisha tazama video. Kama hujitambui, sogeza.

Futa lenzi pia. Alama ya kidole haionekani mchana, lakini usiku kila taa huwa ukungu.

Naweza kuiweka nje?

Singeiweka. Hata simu zinazotangazwa kustahimili maji zilipimwa zikiwa mpya, na gundi inayozuia maji huchoka kadiri miaka inavyopita. Jua ni adui mkubwa zaidi ya mvua, kwa sababu ya betri. Ukitaka kuona nje, iweke ndani ikitazama kupitia kioo, lenzi ikiwa imegusana na kioo kabisa, na uzime taa ya chumba usiku. Nafasi hata ya vidole viwili kati ya lenzi na kioo inatosha kukuonyesha sebule yako mwenyewe badala ya uwanja.

Inaona usiku?

Kidogo. Kamera za ulinzi hutumia mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho. Simu nyingi zina kichujio mbele ya kihisi cha picha kinachouzuia mwanga huo ili rangi za mchana ziwe sahihi, kwa hiyo kununua taa ya infraredi mara nyingi ni hasara. Unaweza kupima: elekeza rimoti ya televisheni kwenye kamera na ubonyeze kitufe. Ukiona nukta ya zambarau inawaka, kichujio ni hafifu. Kamera ya mbele huwa na bahati hiyo mara nyingi kuliko ya nyuma.

Programu nyingi zina hali ya usiku, lakini kazi yake ni kuongeza mwangaza wa picha kwa nguvu ya hesabu, na chenga huongezeka nayo. Mtu akitembea hubaki doa refu. Njia ya uhakika ni balbu ndogo ya LED inayowaka usiku kucha, au taa yenye kihisi inayojiwasha mtu anapopita. Taa hiyo inaweza pia kumfanya mtu mbaya ageuke njiani, jambo ambalo kamera peke yake hailiwezi sana.

Kwa nini kamera inajizima baada ya muda?

Kwa sababu simu inafanya ilichofundishwa: kuokoa betri. Kwenye Android ingia mipangilio ya betri, tafuta programu ya kamera, na uiruhusu ifanye kazi bila vizuizi. Simu za baadhi ya watengenezaji, Xiaomi na Huawei zikiwemo, zina sehemu nyingine ya ziada inayoamua programu zipi zijiwashe zenyewe. Huko nako utoe ruhusa. Tangu Android 9 ya mwaka 2018, programu iliyojificha nyuma hainyimwi betri tu, hunyimwa na kamera yenyewe, hivyo usiiondoe kwenye skrini bila sababu.

Kwenye iPhone sharti ni kali zaidi: programu lazima ibaki wazi mbele ya skrini. Weka kujifunga kwa skrini kuwa "kamwe", kisha tumia Guided Access iliyo chini ya mipangilio ya ufikivu ili simu isitoke kwenye programu hiyo. Android ina kazi inayofanana ya kubandika skrini, tangu toleo la 5. Punguza mwanga wa skrini mpaka mwisho, au tumia hali ya skrini nyeusi kama programu inayo. Inapunguza joto na kuzuia skrini ya OLED isibaki na alama ya picha ile ile milele.

Napata arifa kila dakika, na hakuna mtu. Nifanyeje?

Programu hulinganisha fremu moja na inayofuata, na pikseli zikibadilika vya kutosha inapiga kelele. Pazia, feni, kivuli cha mti na taa za gari zinazopita ukutani vyote ni mwendo kwake. Chora eneo la kuangaliwa liwe mlango tu, shusha unyeti hatua moja moja, na ikiwa programu ina uwezo wa kutofautisha mtu na vitu vingine, uwashe. Wakati mwingine kuigeuza simu kidogo tu isilione dirisha kunatatua yote. Litatue mapema, kwa sababu mtu aliyezoea arifa za uongo huacha kuzifungua, na siku ya arifa ya kweli haitafunguliwa.

Video zihifadhiwe wapi?

Sehemu mbili, ukiweza. Ndani ya simu au kwenye kadi ya kumbukumbu kwa sababu ni bure na haitegemei mtandao. Nje ya simu kwa sababu simu inaweza kuibwa. Kadi ya GB 32 hujaa ndani ya siku moja na nusu ukirekodi mfululizo kwa megabiti 2, hivyo rekodi mwendo tu na uruhusu video za zamani zifutwe zenyewe. Nunua kadi iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera, zile zinazoandikwa kuwa ni za kustahimili kuandikwa mara nyingi. Kadi za kawaida huchoka bila kukuambia.

Kuna mtu anaweza kuingia na kutazama nyumba yangu?

Anaweza, na mara nyingi njia yake haina ufundi wowote. Anachukua barua pepe na nenosiri vilivyovuja kwenye tovuti nyingine kabisa, anavijaribu kwenye huduma ya kamera, na kwa kuwa mwenye nyumba alitumia nenosiri moja kila mahali, mlango unafunguka. Kwa hiyo nenosiri la akaunti ya kamera liwe refu na lisitumike popote pengine, na uthibitishaji wa hatua mbili uwashwe siku ile ile ya kwanza.

Njia ya pili ni watu kufungua milango kwenye ruta ili waione kamera wakiwa mbali. Tafadhali usifanye hivyo. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai ilizunguka intaneti ikijaribu majina na manenosiri ya kiwandani kwenye kamera na ruta, ikakusanya jeshi la vifaa vya watu wasiojua lolote. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi hilo lilitumika kuishambulia Dyn, kampuni iliyosaidia vivinjari kupata anwani za tovuti, na huduma kubwa kama Twitter na Netflix hazikufikika kwa watu wengi kwa saa kadhaa. Ukitumia IP Webcam au programu nyingine ya ndani, ifikie kwa VPN yako mwenyewe, yaani njia ya faragha iliyofumbwa kutoka ulipo hadi mtandao wa nyumbani. WireGuard na Tailscale hufanya kazi hiyo vizuri, na mlango wa ruta unabaki umefungwa.

Simu ya zamani haipati tena masasisho ya usalama, hilo halina dawa. Unachoweza ni kuitenga: iweke kwenye Wi-Fi ya wageni kama ruta yako inayo, ili hata ikivamiwa isifike kwenye kompyuta zenu. Na kila miezi michache fungua orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti. Kile usichokitambua, kitoe, kisha badilisha nenosiri.

Ni lazima niwaambie watu wa nyumbani na majirani?

Waambie. Wote wanaoishi humo, anayekusaidia kazi za nyumbani, na mgeni anayelala. Kumrekodi mtu kimya kimya mahali anapoishi au kufanya kazi kunaumiza hata kama sheria ya kwenu haikugusi, na uaminifu ukivunjika ndani ya nyumba hakuna kamera itakayourudisha. Vyumba vya kulala vya watu wengine, bafu na choo visiwe na kamera kwa hali yoyote.

Kuhusu nje, elekeza lenzi ndani ya mipaka yako. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi iliyotoka Jamhuri ya Cheki, iliamua kwamba kamera ya nyumbani inayorekodi pia njia ya umma haihesabiki kuwa shughuli binafsi ya nyumbani tu, kwa hiyo sheria ya kulinda data inaihusu. Sauti nayo ina mambo yake: California, kwa mfano, inataka kila anayeshiriki mazungumzo ya faragha aridhie kurekodiwa. Sheria hutofautiana, hivyo soma ya nchi yako, na ukiwa na shaka zima maikrofoni. Kwa ulinzi wa kawaida hutaikosa.

Naweza kuitumia kumwangalia mtoto mchanga?

Unaweza, ila simu na waya wake vikae mbali na kitanda. Tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani hushauri angalau futi 3, karibu mita 1, kwa sababu waya unaweza kumzunguka mtoto shingoni. Wala usiitegemee kama kifaa cha afya. Inaleta picha na sauti tu, na Wi-Fi ikikatika haikuambii kila mara.

Inaungana na vifaa vingine vya nyumba janja?

Kwa anayetumia Home Assistant, programu ya kuendesha vifaa vya nyumba janja, ndiyo: kuna muunganisho ulio tayari kwa ajili ya IP Webcam, unaoleta picha pamoja na taarifa za vihisi vya simu. Ukiwa na kompyuta inayowaka muda wote, programu ya kurekodi kamera kama Frigate au Agent DVR inaweza kupokea mtiririko wa simu na kukusaidia kutofautisha mtu na paka. Programu za bure za kawaida huwa hazifungui mlango huo, hivyo kama una mpango wa kwenda huko, chagua tangu mwanzo programu inayotoa mtiririko wa RTSP, njia ya kawaida ya kamera kutuma video kwa programu nyingine.

Mwizi akiichukua simu yenyewe?

Video zilizokwisha kupanda mtandaoni zitabaki. Washa huduma ya kutafuta simu iliyopotea na uweke kifungio cha skrini, ili asiingie kwenye akaunti yako ya kamera. Na usiiweke anapoweza kuifikia kwa mkono.

Lini niache simu ninunue kamera halisi?

Unapohitaji kuona nje, kuona gizani kabisa, au kurekodi mchana na usiku bila kukosa hata dakika. Simu ni shahidi mzuri wa ndani, mlangoni, umbali wa mita chache. Kama nyumba imewahi kuvunjwa, au unaishi kwa hofu ya mtu unayemjua, usibane matumizi hapa: weka kamera iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, pamoja na kufuli na taa nzuri, na simu ibaki nyongeza.

Simu ikichoka kabisa niifanye nini?

Usiitupe kwenye takataka za kawaida, kwa sababu betri ya lithiamu ikipondwa kwenye gari la taka inaweza kuwaka. Ondoa kifaa kwenye akaunti ya kamera, futa video, ondoa akaunti ya simu, irudishe ilivyotoka kiwandani, toa kadi ya kumbukumbu. Ipeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki, au kwa muuzaji wa simu anayepokea za zamani. Kama betri imevimba, waambie kabla ya kuwakabidhi, na usiisafirishe ikiwa imebanwa ndani ya begi.